Kiti Chini ya Jaji

Wiki niliyostaafu, Mrajis aliniomba niwaachie vijana wa masjala maelezo mafupi juu ya namna majaji wanavyowapata watumishi wao: makarani, wapiga chapa, matarishi, wakalimani, wahudumu. Alitaka kurasa mbili. Taratibu zenyewe zinaenea katika ukurasa mmoja, na ukurasa huo umebandikwa ukutani nyuma ya kabati la majalada ya zamani, ambapo hapana awezaye kuusoma bila ya kulihamisha kabati. Kwa hiyo taratibu nakuachieni huko huko. Mimi nitaeleza yaliyotokea.

Naitwa Faki Kombo, mtu wa Gando. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeikalia kwenye kiti kilicho chini ya meza ya jaji, pale mahakamani kwetu Wete, Pemba. Ukikaa hapo, jaji anakiona kipara chako na watu wote wanauona uso wako, basi unajifunza kuutunza uso.

Aliyeniweka hapo ni Jaji Masoud. Siku zile jaji alichagua karani wake kama mtu anavyochagua kitambaa cha kanzu: anakitazama, anakishika, anakirudisha kwa sababu asiyoisema. Tulikuwa sita barazani. Nilipoingia hakuniuliza cheti. Alinipa kalamu, akasoma hukumu ya zamani niandike anavyosema, akautazama mwandiko wangu, kisha akaniuliza nimefikaje Wete asubuhi ile.

"Nlikuja na gari ya abiria, Mheshimiwa. Dereva kachelewa."

Akaweka miwani mezani. "Kafanya nini?"

"Kachelewa, Mheshimiwa."

"Amechelewa," akasema. "Humu ndani, bwana mdogo, watu wamekuja, wamekwenda, wamechelewa. Hao 'kaja' na 'kenda' wabaki nje na baiskeli zao. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Nikaajiriwa siku ile ile, na Kipemba changu nikakiacha barazani pamoja na wale watano waliokosa. Nilifanya mazoezi nyumbani kwa bidii. Jioni moja nikamwambia mama, "Baba amekuja," akajitanda kanga kichwani vizuri akatoka nje, akidhani amefika mgeni.

Kazi yenyewe nilifunzwa na Mzee Bakar, karani mkuu. Alinifunza kushona jalada kwa uzi wa katani na sindano ndefu, tundu tatu, wala si mbili, kwa sababu jalada la tundu mbili likibebwa na wakili mwenye hasira hufunguka. Alinifunza kuupumulia muhuri kidogo kabla ya kuugonga, wino usije ukakauka. Na alinifunza sheria moja ambayo haimo kitabuni. "Karani," alisema, "ana masikio mawili na nusu mdomo. Hiyo nusu ni ya kusema 'Ndiyo, Mheshimiwa.'" Niliishika sheria hiyo kuliko sheria zote. Mtaona ilinifikisha wapi.

Baadaye mambo yalibadilika. Jaji hakuchagua tena watumishi peke yake, zikaja kamati za usaili, na mimi nikawa katibu wa kamati kwa sababu ya mwandiko. Jaji alibakiwa na nafasi moja tu ya kujaza kwa kalamu yake mwenyewe, nayo ni ya karani anayekaa chini yake mahakamani. Nyengine zote zilihitaji fomu, alama na watu watano wanaokunywa chai.

Sitasema kamati ilikosea kila mara. Nitasema tulivyompata tarishi mmoja. Jaji mwenyekiti alitunga mtihani wa vitendo, jambo ambalo sote tulilisifu. Waombaji watatu walipewa barua moja kila mmoja, wampelekee Hamad Juma Hamad wa Gando. Wa kwanza alirudi kabla ya adhuhuri na saini. Wa pili alirudi alasiri akasema hapana mtu huyo. Wa tatu alirudi na barua yake mkononi.

"Mheshimiwa," akauliza, "ni yupi? Wako wanne, na mmoja kafa."

Kamati ilimpa wa tatu sifuri kwa kushindwa kufikisha barua. Wa kwanza akapata alama kamili za kasi. Katika mwaka wake wa mwanzo alituletea mahakamani akina Hamad wengi sana, wote watu wema, wote wenye hati ya wito mkononi, na hapana hata mmoja aliyekuwa akijua ameitiwa nini.

Ndipo akaja Jaji Thabit. Wazee wake ni wa Unguja, lakini yeye alizaliwa Bara, akasoma Bara, akafanya kazi Bara. Alikuwa mtu mwadilifu na mwepesi wa kuuliza, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Tulipendana mara moja. Aliponisikia nikizungumza aliniambia, "Karani, wewe huna lafudhi kabisa." Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Nikamweleza mke wangu, Asha. Akanitazama, akasema, "Na pua unayo?"

Jaji Thabit alitaka mwandishi wa kumbukumbu atakayepiga chapa mashahidi wakiwa wanasema. Kamati ikakaa. Swali la mtihani nilitunga mimi: maelezo ya mkulima mmoja, ya kubuni, yaliyojaa maneno ya shamba na sentensi zilizopinda, mwombaji ayaandike kwa Kiswahili safi. Aliyeshinda ni Salma, msichana wa mjini Unguja, vidole kama mvua ya masika. Maneno ya yule mkulima aliyanyoosha yote mpaka mkulima mwenyewe asingeyajua. Mimi ndiye niliyeandika katika muhtasari, "Anafaa mno."

Mtu mwengine wa kumjua ni Bi Raya, mhudumu wetu. Alifagia, alipika chai, alijua kila jalada lilipo kwa sababu ndiye aliyefuta vumbi. Kwao ni Gando. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa watoto, naye alinishinda kusoma, lakini baba yake alimtoa skuli mapema. Nilipopata kazi ya mahakama nilianza kumwita "Bi Raya," naye akaanza kuniita "Bwana Faki," na tukaendelea hivyo, kama watu waliokutana mjini.

Sasa nakuja kwenye kesi.

Bi Time binti Haji alikuwa mjane wa Mgogoni. Mumewe, Shaame, alifariki hawana mtoto. Mtoto wa ndugu yake Shaame, jina lake Othman, alikuja mahakamani kudai kwamba ardhi aliyokuwa akiilima Bi Time ni ya urithi, igawiwe. Bi Time alisema si ya urithi, mumewe alimpa mbele ya watu akiwa hai na mzima. Kama alipewa, ni yake. Kama hakupewa, ingeuzwa wagawane, na yeye angekuwa bibi wa miaka sabini asiye na pa kutia mbegu.

Othman alikuwa na wakili. Bi Time alikuwa na bakora.

"Bibi," akasema Jaji Thabit kwa upole, "ieleze mahakama marehemu alifanya nini."

"Shaame kanipa konde, baba," akasema Bi Time. "Mbele ya watu."

Salma akapiga chapa. Kutoka nilipokaa nilikiona kioo cha kompyuta yake. Aliandika: Marehemu alinipiga ngumi hadharani.

Vijana mliokulia mjini, nakufasirieni. Kwetu, shamba ni mahala pa karafuu na minazi, pa miti. Mahala pa muhogo, mtama na viazi ni konde. Mtu anaweza kuwa na makonde mawili na asiwe na shamba hata la kusimamia kivuli. Lakini katika Kiswahili alichosoma Jaji, na katika Kiswahili alichosoma Salma, konde ni mkono uliofumbwa.

Jaji akakunja uso kwa huruma. "Uliumia?"

"Niliumia mgongo," akasema Bi Time. "Mpaka leo hausimami sawasawa."

"Pole sana. Na hao watu walioona walifanya nini?"

"Walifurahi. Walisema Shaame mwanamme."

Wakili wa Othman aliinama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Alikuwa mtu wa Wete, alijua vizuri sana. Othman alijua. Askari wa mlangoni alijua. Katika chumba kile waliokuwa hawajui konde ni nini walikuwa wawili tu, na hao wawili ndio waliokuwa wakiandika.

Nami nilijua. Nilitazama mbele. Uso wangu, nimekwisha kusema, niliutunza.

"Sasa, Bibi," akasema Jaji, "tuyaache hayo ya ndoa. Nataka habari ya shamba. Shamba ulipewa na nani?"

Bi Time akamtazama kama mtu anayeulizwa ndege yake ameiegesha wapi. "Shamba? Mie sina shamba, baba."

"Huna?"

"Sina. Sijapata kuwa na shamba. Wenye mashamba ni wengine."

Wakili akasimama haraka. "Mheshimiwa, naomba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Mdaiwa amekiri mwenyewe kwamba hana shamba. Sioni kama kuna haja ya kuendelea."

Salma akaandika. Jaji akashika kalamu, akaitazama karatasi kwa muda. Nilisikia akivuta pumzi ya mtu anayetaka kumaliza jambo lisilompendeza. Nusu ya mdomo wangu ilikuwa imefumba, na ile nusu ambayo sikuwa nayo ilikuwa imefumba pia.

"Konde ni ardhi, Mheshimiwa."

Sauti ilitoka mlangoni. Bi Raya alikuwa amesimama pale na ufagio wake, kitambaa cha vumbi begani. Askari akaenda kumshika mkono.

"Mwache," akasema Jaji. "Unasema nini, mama?"

"Nasema konde ni pahala pa kulima, Mheshimiwa. Huyu bibi hakupigwa. Kapewa ardhi, na mgongo umemuuma kwa jembe. Nakuomba radhi kwa kuingia na ufagio."

Wakili akapiga kelele kwamba mhudumu si shahidi, si mkalimani, wala hakuapishwa. Alisema kweli katika yote matatu.

"Una hakika gani?" Jaji akamuuliza Bi Raya.

Bi Raya hakunitazama. Laiti angenitazama ingekuwa nafuu. "Muulize Bwana Faki," akasema. "Sisi ni wa kijiji kimoja. Mama yake alikuwa na konde nyuma ya nyumba yetu."

Watu wote wakaniangalia, na kwa mara ya kwanza Jaji Thabit aliinama juu ya meza yake akanitazama na yeye.

"Ni kweli, karani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema.

Kesi iliahirishwa, mashahidi wakaitwa upya, maelezo yote yakachukuliwa tena, neno kwa neno, kama yalivyosemwa. Bi Time alishinda. Siku ya pili yake alileta mzigo wa muhogo, akauweka chini ya bendera. Hapana aliyethubutu kuugusa kwa kuogopa rushwa, na hapana aliyethubutu kuurudisha kwa kuogopa Bi Time. Mwisho Bi Raya aliuchemsha akawagawia watu waliokuwa wakisubiri kesi barazani, wadai na wadaiwa sawa sawa, akamaliza mgogoro huo bila ya kuandika hukumu.

Lakini siku ile ya kesi, baada ya watu kutoka, Jaji aliniita chumbani kwake. Hakuniambia nikae.

"Faki, wewe umeshawahi kulima konde?"

"Tangu mtoto, Mheshimiwa."

"Basi mbona ulinyamaza?"

Nilikuwa na jibu, lile la Mzee Bakar, na nililitoa likiwa limenyooka. "Sikuulizwa, Mheshimiwa."

Akauliza, bila ya hasira, "Na Bi Raya aliulizwa na nani?"

Nimeandika maswali ya usaili kwa miaka mingi. Hilo sikulitunga mimi, na ndilo pekee nililoshindwa kulijibu.

Jaji Thabit akawaandikia wakubwa, akaomba mahakama yetu ipatiwe nafasi ya mkalimani wa Kipemba. Barua niliipiga mimi. Jibu lilikuja baada ya miezi, nalo lilikuwa la busara mno: Kipemba ni Kiswahili, Kiswahili ni lugha ya mahakama, mahakama haihitaji mkalimani wa lugha inayoijua. Akaandika tena, akaeleza habari ya konde. Safari hii walijibu kwamba kama Kipemba ni lugha nyengine, basi mwombaji alete cheti cha ukalimani wa lugha hiyo kutoka chuo kinachotambulika. Chuo hicho hakikuwepo, na kama kingekuwepo, mwalimu wake angekuwa Bi Raya.

Asubuhi moja Jaji aliniita tena. Safari hii aliniambia nikae.

"Nina nafasi moja ninayoijaza mwenyewe," akasema. "Unaijua."

"Naijua, Mheshimiwa. Ni kiti changu."

"Sina kingine, Faki. Ningekuwa nacho nisingekigusa chako."

Alisema nitakwenda masjala, cheo changu hakitapungua. Kisha akaona haya kidogo, akaniomba niiandike barua ya uteuzi wa Bi Raya mimi mwenyewe, kwa mkono, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa bora. Niliiandika. Naomba wenzangu mkipata nafasi muitazame ile barua, imo jaladani kwake. Hakuna herufi iliyopinda. Sikumbuki kuchukia kazi kama nilivyoichukia ile, na sikumbuki kuifanya nyengine vizuri kama ile.

Nyumbani nilimwambia Asha nimehamishwa. Alikwisha kusikia, Wete ni ndogo. Akanitilia wali, akasema, "Si neno. Wengine hushindwa na wanasheria, wewe umeshindwa na ufagio." Kisha akaona sikucheka, akanitilia mchuzi mwingi kuliko kawaida.

Sikumtakia Bi Raya mema, nasema kweli. Nilisubiri aharibu. Nilikuwa nikisikiliza kutoka masjala, nikipita mlangoni bila ya sababu. Alivaa baibui jipya, akakaa wima, na shahidi akisema neno la kwetu, Bi Raya alimgeukia Salma akalifasiri kwa sauti, kisha akamgeukia shahidi akamuuliza, "Ndivyo?" Hakuandika hata mstari. Salma aliandika na Bi Raya alisikia, na baina yao wawili walikuwa karani mmoja kamili, jambo ambalo mimi peke yangu sikuwa.

Siku moja aliniletea chai masjala. Haikuwa tena kazi yake.

"Bwana Faki, nisamehe. Nimekukalia kiti."

"Kiti cha serikali, Bi Raya."

Akaweka kikombe juu ya jalada, kitu ambacho sikumruhusu mtu yeyote kukifanya. "Lile neno ulikuwa unalijua."

"Nlikuwa n'nalijua," nikasema. Ilinitoka hivyo hivyo, kama tulivyokuwa tukisema chuoni. Akacheka mpaka akashika kabati. Kutoka siku ile akaacha kuniita Bwana.

Jaji Thabit alihamishwa, kama majaji wazuri wanavyohamishwa. Salma naye, ambaye sasa alikuwa akijua konde na jamaa zake wote, alipelekwa mjini kwa sababu alikuwa hodari. Bi Raya akastaafu. Kabla nafasi yake haijajazwa, watu walikuja kufanya tathmini. Walipekua majalada ya miaka yote aliyokaa kitini, wakaandika katika ripoti kwamba hapakuwa na lalamiko hata moja la lugha, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu wa lugha. Nilitafuta kosa katika hoja hiyo. Kwa karatasi, haina.

Hivyo nikarudishwa kitini kwangu, mzee, zimebaki siku chache za kuhesabika. Jaji alikuwa mpya, Jaji Nasra, mwanamke mkali wa mjini Unguja. Mwandishi alikuwa mpya pia, aliyepata alama za juu.

Ilikuwa kesi ya mtoto. Mama mmoja kijana, mvuvi wa pweza, alikuwa amemwacha mwanawe kwa shangazi yake mtoto alipokwenda kutibiwa, na aliporudi shangazi hakutaka kumtoa. Alisema ndiye aliyemlea. Yule mama alisimama kizimbani. Hakuwa na wakili. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ndogo, akarudia mara mbili.

Jaji Nasra akamtaka mwandishi asome alichoandika.

"Mtoto nimemvaa mimi," mwandishi akasoma.

"Ulimvaa mtoto?" Jaji akasema. "Kwa maana ulimshambulia? Ulimpiga?"

Yule mama akatikisa kichwa. Shangazi akatazama chini. Nami nikawaza kwamba mtu akija kuyasoma majalada yetu baada ya miaka mia atasema kisiwa hiki watu wake walikuwa wakipigana tu. Nikaona magoti yangu yamekwisha kusimama.

"Mheshimiwa, kasema 'nimemvyaa,'" nikasema. Sauti ilinipasuka kama ya mtu anayebaleghe. "Kumvyaa ni kumzaa. Yeye ndiye kamvyaa. Ndiye mama yake."

Askari akanitazama mimi, akamtazama Jaji. Jaji Nasra akaivua miwani yake.

"Karani, wewe ni mkalimani wa mahakama hii?"

"Si mkalimani, Mheshimiwa."

"Umeteuliwa na nani kufasiri?"

"Hapana aliyeniteua, Mheshimiwa."

Akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Nilidhani ananiandika mimi, na kwa umri wangu sikuona ajabu. Kisha akamgeukia mwandishi, akamwambia afute mstari ule, na bila ya kuniangalia akasema, "Haya. Muulize mama alimvyaa wapi, na nani alikuwepo."

Nikamgeukia yule mama, nikamuuliza kama mama yangu angemuuliza.